Nani Atamrudisha Nyumbani? Mjadala wa Vijana na Matamasha ya Muziki Nyeri

Kila Septemba uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kabiruini, nje ya mji wa Nyeri, hujaa watu. Mchana ni ng'ombe wa maziwa, mbegu za viazi, matrekta mapya na wanafunzi wa sare wanaotembezwa na walimu wao kutoka hema hadi hema. Jua likianza kuinama upande wa Aberdare, wenye sare huondoka, ma-DJ huongeza sauti, na uwanja unakuwa mwingine kabisa: mugithi huku, gengetone kule, amapiano penye taa nyingi. Kwa vijana wengi wa Nyeri, Karatina, Othaya na Mukurwe-ini, hapo ndipo wanapoonja tamasha la muziki kwa mara ya kwanza. Wa Meru wana Shoo yao, wa Embu yao, wa Nanyuki yao. Na siku chache kabla ya lango kufunguliwa, jikoni huulizwa swali lile lile: mwaka huu naweza kwenda bila nyinyi?

Nimeziweka hapa sauti ambazo mzazi yeyote wa huku Mlima Kenya atazitambua. Sikuzipa majina kwa kuwa kila moja ni ya watu wengi. Kuna mama anayeuza nguo za mitumba Karatina. Kuna binti yake wa miaka 16, kidato cha tatu, ambaye sasa anasoma shule ya kutwa. Kuna shosho wa binti huyo, mwalimu wa nidhamu wa shule ya bweni, mwandaaji wa burudani ambaye pia ni DJ, na kijana wa nduthi, yaani bodaboda. Nami nitaingilia kati kila nitakapoona hoja inaachwa njiani, maana sina nia ya kuwa refa tu.

BINTI: Mum, sikuombi ruhusa ya kwenda klabu. Nataka kwenda Shoo Jumamosi na wenzangu wanne, tuone wasanii, turudi. Tangu darasa la sita hadi kidato cha pili nilikaa bwenini. Nilijifulia, niliamka saa kumi alfajiri bila kuamshwa na mtu, na shule ikifungwa nilipanda matatu na sanduku langu hadi Karatina. Mbona mnaniamini kwa kila kitu isipokuwa muziki?

MAMA: Kwa sababu muziki wa huku hauji peke yake, unakuja na chupa. Ulisikia habari za Kangai? Hapo Kirinyaga tu, Februari 2024, zaidi ya watu kumi walikufa kwa pombe yenye sumu. Mimi niko sokoni kila siku. Naona vijana wa rika lako wakipita Jumatatu asubuhi macho yamewaiva, hawajui hata viatu vyao viko wapi. Halafu kuna wale wa mchele. Unaacha soda yako mezani, unageuka ucheke na mwenzako, ukiinywa tena hujui utaamkia wapi. Sikukatazi kucheza, mwanangu. Nakukataza kuamkia mahali usipopajua.

MWALIMU: Na wala si hofu ya bure. Agosti 2015, shule zilipofungwa, polisi wa Kirinyaga walisimamisha basi lililotoka Karatina kuelekea Nairobi. Ndani yake walikuwamo wanafunzi 45, muziki uko juu, pombe na bangi ndani ya gari. Wakapelekwa mahakama ya Baricho. Nchi nzima iliona aibu ile. Wengine walikuwa na umri wako.

BINTI: Mwalimu, nisamehe, lakini wale hawakuwa wanatoka tamasha. Walikuwa wanatoka shuleni.

Hapa namuunga mkono binti, na ningependa hoja yake isipite haraka. Kisa cha 2015 hutajwa kila mara kama ushahidi kwamba vijana hawawezi kuachiwa muziki. Lakini wale 45 walikuwa kwenye safari ambayo watu wazima waliipanga wenyewe. Mwalimu alifunga shule, mzazi alituma nauli, na kati ya lango la shule na mlango wa nyumbani hakukuwa na mtu mzima yeyote aliyejua nani amepanda gari gani na atafika saa ngapi. Mara tatu kwa mwaka tunawaachilia maelfu ya watoto namna hiyo, na hatukuiti kwenda peke yao. Tunaita kufunga shule.

MWALIMU: Nakubali tulijifunza. Siku hizi shule nyingi hukodi magari na kuandika majina. Lakini hilo linathibitisha ninachosema: mtoto akiwa chini ya macho ya mtu mzima yuko salama. Si kwamba tunawanyima muziki. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, na hadi leo watoto wetu husafiri mbali kwenda kuimba. Wanalala kwenye madarasa ya shule nyingine, wanakutana na wenzao wa Kisumu na wa Pwani, wanarudi na vikombe. Hilo ni tamasha, na lina mpangilio.

BINTI: Nimeimba huko, Mwalimu, na nilifurahi sana. Lakini pale unaimba mbele ya majaji, umesimama wima, ukimaliza unaondolewa jukwaani. Hakuna anayecheza. Mimi nataka siku moja niwe mtu wa kusikiliza tu, nicheze vibaya nikitaka, na asiwepo wa kunipa alama.

MAMA: Mwalimu, nami kuna jambo umesema limenichoma. Umesema chini ya macho ya mtu mzima mtoto yuko salama. Endarasha je?

Aliyeuliza hivyo ni mama ambaye hataki binti yake aende. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, moto uliteketeza bweni la wavulana la Hillside Endarasha Academy, huko Kieni, kaunti hii hii ya Nyeri, na watoto 21 wakafa. Walikuwa wamelala mahali ambapo wazazi wao waliambiwa ni salama kuliko pote. Mwezi ule, katika kila nyumba niliyoingia, watu walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini, na wenye watoto bwenini walikuwa wanapiga simu shuleni bila sababu, kusikia tu kwamba kila mtu yupo. Sitaki msiba ule utumiwe kushinda mabishano. Lakini mama ana haki ya kuuleta hapa, kwa kuwa baada ya Endarasha hakuna mzazi wa Nyeri anayeweza kuridhika kuambiwa tu kwamba kuna mtu mzima. Atauliza: mlango uko wapi, unafunguka upande gani, na ufunguo anao nani?

MWALIMU: Sina jibu la haraka kwa hilo, mama. Naomba tuendelee.

SHOSHO: Mnazozana kana kwamba mtu alikuwa akienda ngoma peke yake. Sisi hatukwenda peke yetu hata siku moja. Mwomboko ukipigwa, kodiani inalia na karing'aring'a inagongwa, wasichana wa kijiji tulitoka kikundi kimoja na tukarudi kikundi kimoja. Aliyetuongoza alikuwa msichana aliyetuzidi miaka miwili au mitatu. Mmoja akikosekana njiani, wote tunasimama. Tukifika bila yeye, wote tunaulizwa, na wa kwanza kuulizwa ni yule kiongozi. Nilipokuwa mtoto, wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, hapakuwa na ngoma. Palikuwa na kafyu, na aliyeonekana nje jioni alijua kinachomngoja. Kafyu ilipoondoka tulicheza sana, na wazee wetu hawakutuzuia. Walitaka kujua tu mmetoka wangapi na mmerudi wangapi.

Anayosema Shosho yana mizizi ya mbali. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu maisha ya Wagikuyu, alieleza jinsi vijana wa riika moja walivyosimamiana wenyewe, na jinsi aliyevunja kanuni za kukutana kwa wavulana na wasichana alivyowajibika kwa wenzake wa riika. Macho yaliyokuwa karibu na kijana yalikuwa ya mwenzake aliyemzidi umri kidogo tu. Wala hofu ya watu wazima juu ya nyimbo za vijana haikuja na TikTok. Mwishoni mwa 1929 vijana wa huku waliimba muthirigu, wimbo na ngoma ya kuwasuta wamishonari na machifu, na mapema 1930 serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku. Marufuku ile haikuwanyamazisha.

BINTI: Shosho, basi mimi niko na kikundi. Tuko watano.

MAMA: Watano wa rika moja ni watano wenye akili moja.

BINTI: Na mbona mdogo wangu haulizwi alienda na nani? Ana miaka 14. Desemba alitahiriwa, akapona, akapewa chumba cha nje, na tangu siku ile hakuna anayemuuliza anarudi saa ngapi. Juzi alikuwa mjini hadi saa nne za usiku. Mimi namzidi miaka miwili na nikichelewa dukani dakika chache napigiwa simu.

MAMA: Yeye ni mwanamume sasa. Na tuseme ukweli, yeye hatarudi na mimba.

Mama, hapo siwezi kunyamaza. Kisu cha daktari hakikumfundisha kukataa glasi. Kwa miaka mingi kilio cha kina mama wa mlimani kimekuwa ni wana wao wa kiume waliozama kwenye pombe. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza viongozi wa eneo la kati waongoze msako dhidi ya pombe haramu, na sababu iliyotolewa kila mahali ilikuwa vijana wa kiume wanaopotea. Leo, miaka mingi baadaye, bado tunamwambia mvulana wa gredi ya tisa kwamba ameshakuwa mtu mzima na tunamwacha atafute njia mwenyewe. Katiba ya 2010 inasema mtoto ni yeyote ambaye hajafikisha miaka 18. Haisemi msichana. Familia ikiamua umri wa kwenda tamasha, iamue kwa wote wawili, au ikiri kwamba kinacholindwa ni jina la nyumba tu, na watoto wameachwa kando.

MWALIMU: Sasa umefika kwenye sheria, na mimi ningependa tubaki hapo. Miaka 18 ni miaka 18. Kwa nini tunahangaika kutafuta namba nyingine?

Kwa sababu sheria yenyewe haina namba moja. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa kosa la jinai, na aliye chini ya 14 huchukuliwa kuwa hawezi hadi ithibitishwe vinginevyo. Yaani Bunge limekubali kwamba uwezo wa mtoto hukua kwa ngazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia 1990, unasema vivyo hivyo katika kifungu cha 5, na katika kifungu cha 31 unampa mtoto haki ya mapumziko, michezo na kushiriki utamaduni. Hakuna sheria ya Kenya inayosema kijana wa miaka 16 asisikilize muziki uwanjani. Kinachomzuia ni kitu kingine, na mwandaaji wetu anakijua kuliko sisi sote.

MWANDAAJI: Ni pombe. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile watu waliyoiita ya mbunge Mututho, hainikatazi kumuuzia mtoto tu. Inanikataza hata kumruhusu aingie mahali pombe inaponywewa. Sasa fikiria shoo yangu. Namlipa msanii, nakodi spika na jenereta, nachukua kibali cha kaunti, nalipia leseni ya hakimiliki ya muziki, naajiri mabaunsa, na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, lazima apate taarifa. Mtu wa Nyeri hatalipa tiketi ya bei ya Nairobi. Pengo hilo linazibwa na baa. Ndiyo maana mugithi uko baa, rege iko baa, hata msanii wa injili aliyeacha injili yuko baa. Nikiweka tangazo kwamba wa chini ya 18 wasije, wanakuja na kitambulisho cha dada yao. Nikiwafukuza getini wanaruka ua upande wa vyoo.

MAMA: Na unawaona?

MWANDAAJI: Nawaona, mama. Nitasema ukweli: mara nyingine niko kwenye mashine, nawaona, na wimbo unaendelea.

Ukweli huo una uzito. Juni 2022, katika baa ya Enyobeni huko East London, Afrika Kusini, vijana 21 walikufa kwenye sherehe ya usiku. Mdogo wao alikuwa na miaka 13. Nao walikuwa wameingia kwa kuwa mtu mlangoni aliwaona na wimbo ukaendelea. Karibu zaidi na sisi, usiku wa mwaka mpya wa 2022 kuamkia 2023, umati ulibanana kwenye njia nyembamba katika jengo la Freedom City, Kampala, watu walipokimbilia kuona fataki. Waliokufa hawakupungua tisa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Siku ile watu wazima walikuwepo tele, na umri wa walioingia usingebadilisha upana wa njia. Kwa hiyo mzazi anayeuliza mtoto wangu amekomaa kiasi gani anauliza nusu tu. Uwanja je, umekomaa kiasi gani?

MWALIMU: Ndiyo sababu nilifurahi mwaka 2025 NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilipoleta sera inayopendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 hadi 21. Angalau watabaki watoto kidogo zaidi.

BINTI: Watabaki nje ya muziki miaka mitatu zaidi, Mwalimu. Hilo ndilo litakalotokea Nyeri. Halafu siku ya kutimiza 21 wataingia wote pamoja, na hawajawahi kufundishwa lolote.

Sina ugomvi na kupandisha umri wa kunywa. Lakini maneno ya binti yanaonyesha shimo ambalo miji yetu imelichimba bila kukusudia. Kijana wa Nanyuki au Kerugoya akimaliza kwaya ya shule na kwaya ya kanisa, muziki mwingine wote wa hadharani umefungiwa mahali pa kunywea. Hana ukumbi wa kwenda saa nane mchana akalipa shilingi chache, akamwona mwanamuziki Samidoh au msanii wa rika lake, akarudi kabla ya giza. Kwa hiyo hujifunza tamasha kwa kujificha, na anayejificha hapigi simu akipata shida.

SHOSHO: Na kesha ya kanisa je? Mbona mnawapa ruhusa ya kesha?

BINTI: Asante, Shosho. Mwaka jana nilienda kesha ya vijana, kutoka saa tatu usiku hadi alfajiri. Kulikuwa na bendi, tuliruka hadi sauti zikakauka. Mum hakuuliza hata mara moja.

MAMA: Niliuliza. Niliuliza ni gari gani linawabeba, na kiongozi wa vijana alinipa namba yake. Alikuwa na orodha ya majina. Saa kumi na mbili asubuhi alinitumia ujumbe kwamba mmepanda gari.

Mama hajui kwamba hapo amejibu swali letu zima. Aliruhusu usiku kucha, kelele, umati, wavulana na wasichana, mbali na nyumbani. Alichohitaji kilikuwa orodha, namba ya simu, gari linalojulikana na mtu wa kumwambia wametoka. Angehitaji hayo hayo hata kama bendi ingekuwa ya rege.

KIJANA WA NDUTHI: Naweza kusema? Maana mimi ndiye niko pale nje mnapokuwa mmelala. Husimama getini na reflekta yangu tangu jioni. Saa mbili, saa tatu usiku, hakuna neno. Wanatoka watatu watatu, wanacheka, wana nauli, wanabishana nani apande na nani. Saa nane ndiyo saa mbaya. Anatoka msichana peke yake, viatu ameshika mkononi. Simu imeisha chaji. Namba ya nyumbani haijui kwa kichwa, maana ilikuwa ndani ya simu. Wenzake wamemwacha au yeye ndiye aliyewaacha, hata hakumbuki. Nauli aliyokuja nayo ilikuwa ya mchana, na usiku bei si ile. Huku kwetu Septemba bado kuna baridi, ukungu unashuka kutoka mlimani, ana fulana tu. Probox inasimama mbele yake, mtu anamwambia panda, utalipa ukifika. Atapanda. Kwa baridi ile hata mimi ningepanda. Mambo mengi mnayoyasikia hayakutokea kwenye densi, yalitokea pale. Na wavulana pia. Mvulana akitoka amelewa hapati probox, anapata wa kumpora simu, na asubuhi anakutwa mtaroni.

MAMA: Wewe humbeba?

KIJANA WA NDUTHI: Nikimjua kwao humbeba hata bila pesa, nadai kesho. Nisipomjua naogopa. Nikisimamishwa na polisi usiku na mtoto wa watu amelala mgongoni mwangu, nitaeleza nini? Lakini mzazi akiwa na namba yangu, akanipigia saa kumi jioni akaniambia nina wawili pale, wachukue saa fulani, hao nitawasubiri hapo hapo getini. Wako wazazi wanaofanya hivyo. Watoto wao sijawahi kuwaona saa nane.

BINTI: Huko Uingereza kuna tamasha la Reading. Mwenye miaka 16 anaingia mwenyewe, aliye chini ya hapo lazima awe na mtu mzima. Nimesoma. Wengi huenda wakishamaliza mtihani.

KIJANA WA NDUTHI: Na wakitoka wanapanda treni. Wewe utapanda mimi.

Sasa niseme ninavyoona. Miaka ni kipimo cha kuanzia, na kinafaa, lakini si jibu. Mtoto wa miaka 14, wa kike au wa kiume, anaweza kwenda Kabiruini mchana na wenzake bila mzazi mgongoni, mradi arudi jua likiwa bado juu. Mzazi akitaka kuwa uwanja ule ule, akae upande wa ng'ombe na amwache. Wa miaka 16 anaweza kubaki hadi machweo, wakiwa kikundi, na mmoja wao akiwa mkubwa kidogo kama alivyosema Shosho, namba mbili za nyumbani zikiwa kichwani na si kwenye simu, na nduthi au gari limeshapangwa na limeshalipwa kabla hawajatoka nyumbani. Atakayekiuka arudi ngazi moja nyuma bila vita. Na usiku wa baa, mugithi wa hadi asubuhi, hapana hadi 18. Sheria imesema, na hapo mzazi hana haja ya kujitetea wala mwandaaji hana haja ya kutazama pembeni.

Lipo jambo moja ambalo ningelitanguliza kabla ya ngazi hizo zote: mtoto ajue kwamba akipiga simu saa nane usiku kutoka mahali alipokatazwa, atafuatwa kwanza na kuulizwa kesho. Nimewasikia wazazi wengi wazuri wakijivunia kwamba watoto wao wanawaogopa. Mtoto anayekuogopa ndiye atakayepanda ile probox.

MWALIMU: Ngazi zako ni nzuri karatasini. Ya mchana iko wapi? Shoo ni mara moja kwa mwaka.

Ndiyo kazi iliyobaki, na si ya wazazi peke yao. Kaunti zetu zina viwanja ambavyo hulala mwaka mzima. Kabiruini yenyewe ilibeba sherehe ya kitaifa ya Madaraka tarehe 1 Juni 2017, kwa hiyo hakuna atakayeniambia kwamba umati wa vijana wa alasiri moja utaishinda. Kuna Whispers Park hapo mjini Nyeri. Kuna viwanja vya shule vilivyo tupu Aprili, Agosti na Desemba. Zamani shule zilikuwa na fanki, wanafunzi wa shule mbili wakakutana wakacheza chini ya walimu wao, na nyingi ziliachwa badala ya kurekebishwa. Mwaka 2024 tuliona vijana hawa hawa wakijipanga wenyewe kwa simu na kujaza barabara za Nyeri na Nanyuki. Wanajua kukusanyika, na wataendelea kukusanyika, iwe tumewapa mahali au hatujawapa.

MWANDAAJI: Mimi niko tayari kufanya ya mchana, saa saba hadi saa kumi na moja jioni, bila tone la pombe. Lakini nitapata hasara mpaka watu wazoee. Nikipewa uwanja bila kodi, na kaunti isinitoze kibali cha bei ya shoo ya usiku, nitaweza. Wasanii wachanga wa Karatina na Chuka wanatafuta jukwaa, hawataniomba pesa nyingi.

MAMA: Na getini atasimama nani?

MWANDAAJI: Wewe.

MAMA: Nitasimama. Na wenzangu wa sokoni wawili watatu. Atakayeingia na chupa hapo hayupo.

BINTI: Mum! Ukisimama getini nani atakuja?

MAMA: Nitasimama getini, sitaingia ndani. Na hiyo Jumamosi ya Shoo utaenda. Mnatoka watano mnarudi watano, binti wa shangazi yako, yule wa chuo, anawaongoza, na huyu kijana wa nduthi na wenzake wanawangoja saa kumi na mbili kasorobo. Nawalipa mimi leo.

BINTI: Wasanii wakubwa hupanda jukwaani saa mbili.

MAMA: Utawaona ukiwa na 18. Na mdogo wako ataenda kwa masharti haya haya.

BINTI: Hatakubali.

MAMA: Basi atabaki hapa na mimi.

MWALIMU: Kuhusu ule uwanja wa Desemba, nitazungumza na mwalimu mkuu Jumatatu. Najua swali lake la kwanza litakuwa nani atalipa vyoo vikiharibiwa.

MWANDAAJI: Mwambie ni mimi. Ila naye aniandikie saa ya kufungua geti na saa ya kufunga, atie sahihi, na wazazi watie zao chini yake.